Paneli za Merv Ziangalie Wapi?

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la mbele ya duka la mikate la Mama Thuy, basi hujaona mtu akikabwa na donge huku anatafuna pai ya nyama. Mimi nimeyakalia mabenchi yote ya nchi ya miwa, kuanzia mji wa Bundaberg kwenda juu, na nasema hakuna linalolishinda hili kwa maneno. Ilikuwa Novemba, saa tatu na nusu asubuhi, harufu ya molasi kutoka kiwanda cha sukari imeujaza mji, na mabati ya nyumba yameshaanza kulia kwa joto. Merv, aliyeendesha treni za miwa miaka thelathini, alikuwa katikati. Kulia kwake Mfupi, ambaye ni mrefu mpaka kamba za nguo humkata shingo. Kushoto kwake Kimya, ambaye tangu apewe jina hilo hajanyamaza. Huku kwetu majina ndivyo yanavyogawiwa. Wote watatu walikuwa wanaangalia paa la Trevor, jirani wa Merv wa ng'ambo ya barabara, linalong'aa kule chini ya mtaa kama meno ya dhahabu.

— Ishirini na mbili, alisema Merv. Nimezihesabu tena leo.

— Umezihesabu jana pia, alisema Mfupi.

— Jana kulikuwa na wingu.

— Sasa donge la nini, mwanangu? Si fundi anakuja kwako saa nne? Utakuwa na zako.

Merv akaivuta kofia yake hadi kwenye nyusi. Hapo ndipo pai ilipomkwama. Huku jua hupita upande wa kaskazini, na nyumba ya Trevor imeelekea kaskazini, barabarani. Paneli zake za sola zinakula jua na kutazamwa kwa wakati mmoja. Nyumba ya Merv iko ng'ambo, imeelekea kusini. Upande wake wa jua uko nyuma, kwenye banda la kuku na shamba la miwa. Zikifungwa huko, watakaomwonea wivu ni kuku.

— Nimeandika kwenye fomu zifungwe mbele, alisema kwa sauti ya chini.

— Mbele? Upande wa kivuli? Mfupi aliuliza. Noelene anajua?

— Atajua zikishapanda.

Noelene, mke wa Merv, wanamheshimu wote. Misimu mitatu ya joto amelala na taulo mbichi kifuani, kiyoyozi kimefunikwa shuka kama maiti kwa kuogopa bili. Paneli hizi ndizo Merv alizomwahidi: mama, Krismasi hii utalala kwenye baridi mpaka uombe soksi.

Kimya alikuwa ameshamaliza kutafuna.

— Umefanya la maana, kaka. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Paneli ukizificha nyuma hazizai umeme!

— Hawakuwa wanasema habari za paneli, Mfupi alipinga.

— Wewe ulikuwepo?

— Sikuwepo, lakini...

— Basi! Halafu wewe Merv, nyanya zako mwaka huu zimekuwaje?

— Zimenyauka.

— Na Trevor alifunga lini?

— Aprili.

— Unaona! Zile zinavuta. Paneli ishirini na mbili zikivuta jua la mtaa mzima, kwako linabaki la kuanikia soksi moja.

— Kama jua lingepungua, nyanya zisingenyauka, alisema Mfupi. Ila mimi nitawaambia nilichokiona kwa macho haya. Jumamosi jioni nimepita pale, joto la kuivisha yai, na Trevor kazima feni ya barazani. Anajipepea kwa gazeti!

Merv akageuka mzima mzima.

— Trevor? Aliyeniambia mbele ya watu kilabuni kwamba kiyoyozi chake hakizimwi hata akienda kuvua?

— Huyo huyo. Kajipepea mpaka gazeti likachanika.

— Ni kiburi hicho, alisema Merv kwa uchungu. Mtu ana umeme mpaka anaudharau.

— Siyo kiburi, biashara! Kimya alisimama kabisa. Anauweka. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kikijaa anakiuza Brisbane. Yale majengo marefu ya kule, lifti zote zinapandishwa na Trevor!

— Acha uongo, wewe.

— Uongo? Binamu yangu wa Gympie alifunga paneli juu ya banda la kuku. Wiki ya pili, kuku wakataga mayai yaliyochemka. Alikuwa anamenya tu na kutia chumvi.

Mfupi alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Merv hakucheka. Alikuwa anamwona Trevor akipandisha watu, mmoja mmoja, kwenye lifti za Brisbane.

Gari la ngazi likasimama kando ya benchi. Akashuka mwanamke mwenye mabega mapana, buti zina vumbi, kofia ya ukingo mpana shingoni. Huyo ni Renae, fundi sola.

— Hamjambo wazee. Merv ni nani kati yenu? Mkeo kaniambia nikukute hapa.

— Kakuambia kwa sauti gani? Merv aliuliza.

— Ya chini.

— Mungu wangu, alisema Mfupi. Ya chini ndiyo mbaya.

— Nimemwonyesha fomu, Renae aliendelea. Kasema kama zitafungwa mbele, lile shuka la kiyoyozi utajifunika wewe. Nami nakuambia kama fundi, mbele pale umeme utakaopata kipupwe hautachemsha hata chai. Basi nina swali moja tu, nikapande bati kabla halijawa kikaango. Zikikaa mbele, zitamfaa nani?

Mfupi akaangalia viatu vyake. Kimya akainua kikombe na kukikuta kitupu. Merv aliangalia paa la Trevor, akaangalia pai yake, akaliona lile taulo mbichi.

— Funga nyuma, alisema hatimaye. Zote.

— Haya. Asante.

— Ila subiri, dada yangu. Akasimama, akamsogelea, akanong'ona kwa sauti waliyoisikia wote. Huna zile... zilizokufa? Zisizo na kazi? Mbili tatu hivi, za kuweka mbele tu. Zing'ae.

Renae akaegemea gari, akaanza kucheka polepole, mkono kifuani.

— Ninazo sita humu, nilikuwa nazipeleka jalalani. Lakini mzee, mtaa huu una nini? Wewe ni wa pili kuniomba.

— Wa pili baada ya nani?

— Siwezi kusema. Siri ya mteja.

Macho mawili, halafu manne, halafu sita, yakapanda taratibu mpaka kwenye paa la Trevor, kwenye zile ishirini na mbili.

— Lile gazeti, alisema Mfupi.

Merv akavuta pumzi ndefu kama treni inayoacha kituo. Uso wake ulikuwa umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

— Zangu hai nyuma, apoe mke wangu, alisema. Na huyo mteja wako simuulizi jina, wala usinitajie alifunga ngapi zilizokufa. Wewe si unaijua hesabu yake?

— Naijua.

— Basi mbele kwangu niongezee moja juu ya hiyo.