Karatasi ya Bwana Zaidi

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote poleni kwa msiba, familia inawaomba mtulie muisikie safari ya mzee wetu.

Mzee Kastori Ntahondi alizaliwa tarehe 14 Machi 1931, Heru Juu, Kasulu, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1952 akaja Moshi kukata miwa. Tarehe 8 Juni 1957 alifunga ndoa na Leonia, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza Digna, na Mama Digna hajaacha kulalamika kwamba aliolewa uke wenza na vitabu.

Mwaka 1970 alianzisha kisomo cha watu wazima kwenye kambi ya wakata miwa, na kwa kuwa kijitabu cha haki za mfanyakazi kilikuwa kimoja tu, alikifumua, akampa kila mwanafunzi karatasi moja akaisome nyumbani mpaka aimudu, kisha jioni walikaa kwa kufuata namba za kurasa, kila mtu akiwasomea wenzake ya kwake, na hapo ndipo wakata miwa walipojua kwamba mnyapara hana ruhusa ya kumpiga mtu.

Septemba 1972 mnyapara alimzaba mkata miwa mwenzao Gidioni kofi mbele ya watu, wakakusanyika, wakasoma karatasi zao, wakaweka mapanga chini, lakini karatasi ya mwisho haikusomwa, kwani mwenye nayo, Bwana Zaidi, alikuwa Kondoa kumzika mama yake, na ndiyo iliyosema malalamiko yapelekwe kwanza kwenye kamati kabla ya kugoma. Mwalimu Kastori aliyakumbuka maneno hayo, akanyamaza kwa hasira. Mnyapara aliondolewa, makofi yakakoma, ila watu saba walifukuzwa kazi kwa kugoma bila kupitia kamati, yeye akiwa mmoja wao, akahamia Njoro kutengeneza baiskeli, na kwa miaka kumi na miwili kimya kile kilimtafuna.

Kisukari kilimwanza mwaka 1979, kikamnyang'anya macho, na mwezi uliopita Bwana Zaidi alikuja na karatasi yake, akamsomea bila kukwama, ndipo mzee akalia na kukiri mbele yetu kwamba aliwaficha wenzake. Bwana Zaidi akamshika mkono, akamwambia, "Mwalimu, hii tuliisikia kila jioni miaka miwili, wote waliijua kwa kichwa, siku ile waliamua wenyewe."

Alifariki tarehe 3 Novemba 1984, alfajiri, akiwa ametulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Njoro, na ninyi mliokata miwa pamoja naye, ambao leo mmekuja na karatasi zenu.

Mwalimu, hukumficha mtu kitu, pumzika kwa amani.