Mshauri Asiye na Ushauri

Ilianza Jumatatu, saa tatu kasoro robo asubuhi. Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali. Mdogo wenu aliweka pasi juu ya shati jeupe la mteja, akaiacha hapo, akasimama kuitazama mpaka moshi ukajaa kibanda chetu chote cha udobi. Wewe, kifungua mimba wangu, ulicheka, ukasema, "Mama, shati limeiva, lete sahani." Wewe wa kati ukasema lazima kuna mwanamume. Mimi nikasema uvivu, maana tangu siku ile alishinda kalala, na chakula alikichokonoa tu.

Mbona mnatazamana? Sijafika mnakokutaka.

Kisha akaanza kutoka kila Alhamisi mchana. Nilipombana alisema, "Naenda kwa mshauri." Neno hilo nyinyi mkaligeuza mwanasheria: anaitaka nyumba, na mama bado yu hai. Nami likaniingia. Nikaficha hati ya nyumba chini ya godoro hili, na Alhamisi moja nikamfuata, kapu la nguo kichwani, kama ninayempelekea mtu mzigo wake.

Nikamkuta na mwanamke wa makamo, chumba kidogo, viti vitatu, meza haina hata karatasi. Binti yangu aliponiona mlangoni aliinamisha kichwa, kisha akasema niingie. Nikakaa nikingoja mtego. Yule mwanamke akamwuliza tu, "Asubuhi ile, ulisikia harufu ya kuungua?"

"Sikusikia chochote. Moshi niliuona kama unatoka nyumba ya jirani."

Nikangoja mawaidha, yule mwanamke hakutoa hata moja. Nikamwambia, "Mshauri gani wewe, dada, usiye na ushauri?" Akasema, "Kazi yangu, mama, ni kumsaidia aseme kilichomkaa moyoni, mpaka naye akisikie." Akasema ni ugonjwa, unaitwa sonona, na kukemea hakuufukuzi.

Sikumwamini, na hata leo namtazama kwa pembe ya jicho. Mtu anayesikiliza sana hivyo anataka nini? Lakini mimi ni dobi. Pamba ikikaribia kuungua naijua nikiwa uani. Mwanangu aliyekulia kibandani, pua juu ya moshi, asisikie? Huo si uvivu.

Haya mdogo wenu mwenyewe ameniruhusu kuyasema. Sasa, nawajua nyinyi. Nikishazikwa mtasema mdogo wetu ana wazimu, tumshikie fungu lake. Sitaki. Chumba cha mbele ni chake, na hati nimeshampa mjomba wenu, kwa hiyo msihangaike kupekua. Alhamisi yake isiguswe, hata nguo za wateja zikifika darini. Akitaka kusindikizwa, msindikizeni, mngoje nje, msitege masikio mlangoni kama mlivyozoea.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Mungu awalinde... hata wewe mkubwa, na mdomo wako huo. Awape... awape subira. Kama hamwezi kuaminiana leo, kaeni tu karibu.

Bado moja. Asubuhi ya pili yake, baada ya kutoka kule... nilimwuliza, umeamkaje. Siku zote hujibu salama, anapita. Siku ile akaketi ukingoni mwa kitanda hiki. Akasema, "Vibaya, mama." Halafu hakuondoka... akaendelea kusema.