Vasilka Murdzheva, Aliyelipikia Matanga Jengo Zima

Tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Nyumba ya Baraza la Jiji la Zlatibrod, Bi. Vasilka Murdzheva anafunga chumba namba tisa na kukabidhi ufunguo. Anaukabidhi kwangu mimi, Penko Gerdzhikov, mtunza boila, lile tanuri la kupashia joto jengo hili la baraza. Katibu alitaka wasifu huu uandikwe na ofisi ya habari. Nilikataa. Ofisi ya habari haikuwapo siku ile, mimi nilikuwapo, na sufuria ilikuwa yangu. Habari ya sufuria inakuja.

Vasilka alianza kazi ya kupokea malalamiko ya wapangaji. Wengine wakipokea malalamiko huyapiga mhuri wakayalaza. Yeye alivaa viatu akaenda kuyatazama. Dari linavuja? Alisimama chini yake mpaka alowe, kisha akarudi hivyo hivyo, maji yakimchuruzika, akaketi kwenye kiti kizuri cha mkuu wake. Dari lilizibwa wiki ileile.

Diwani mmoja, jina namsitiri kwa kuwa tunasalimiana, aliwahi kusema barazani kwamba lifti za mtaa wa Chini ya Daraja ni nzima. Vasilka akamwalika apande moja. Ikakwama katikati ya ghorofa mbili. Mimi ndiye niliyeitwa na nyundo yangu, na nilipofika nilimkuta Vasilka ameinama mlangoni akiita, "Mheshimiwa! Hebu rudia, sikukusikia vizuri. Lifti ni nini?" Kutoka ndani ikajibu sauti nyembamba, "Ni mbovu, mama. Ni mbovu kabisa. Nitoe." Lifti zilipata fedha kwenye kikao kilichofuata. Mheshimiwa hupanda ngazi hadi leo.

Sasa Jengo la Kumi na Mbili.

Vasilka alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Baraza lilitaka kulibomoa jengo lile na kuwatawanya watu wake vijiji vya mbali, uwanja ujengwe maduka. Wakazi wakaomba litengenezwe. Mwenyekiti wa wakati ule, Bw. Lyuben Chakarov, akasimama akasema, "Jengo lile limekufa. Limebaki kuzikwa tu." Kura ikapangwa kikao kinachofuata.

Vasilka akashuka kwangu kwenye boila uso umemwiva kama pilipili ya kuchoma. Akasema, "Mzee Penko, umesikia? Limekufa."

Nikamwambia, "Nimesikia. Mimi husikia yote kupitia mabomba."

"Basi kama limekufa, lifanyiwe ya wafu. Nipe sufuria yako kubwa."

Mkuu wake alikuwa amemwonya kwamba akitia mguu tena katika jambo la jengo lile atafukuzwa, na miaka yake yote itakwenda na maji. Nilimkumbusha hilo. Akaniuliza kama natoa sufuria au natoa ushauri. Nikatoa sufuria, na moto pia, moto wa boila yangu, ambao hakuna jiko la mjini linaloufikia.

Asubuhi ya kikao mji mzima uliamka ukakuta matangazo ya msiba yenye mpaka mweusi, kwenye miti, vituo vya basi, na mlango mkuu wa baraza: kwa majonzi tunawatangazia kifo cha Jengo la Kumi na Mbili, kilichotokea kwa neno la mwenyekiti. Lakini Bw. Chakarov na madiwani wake huja kwa magari na kuingia kwa mlango wa nyuma, kwangu. Hawakuona kitu.

Akaketi. Wakazi wakaingia kimya, wamevaa nyeusi. Mbele yao Vasilka, kashika sinia la ngano iliyochemshwa, sukari ya unga juu, msalaba wa kokwa za jozi katikati. Akamfikia mwenyekiti kwanza. Kwetu ngano hii hupikwa kumwombea marehemu, na haikataliwi, hata na mfalme. Mkono wa mwenyekiti ukanyooka wenyewe, kama mama yake alivyomfunza. Akala. Akasema, "Mungu amrehemu." Madiwani wote wakala baada yake, nao wakasema, "Mungu amrehemu."

Ndipo akauliza kwa upole, "Pole sana, Mama Vasilka. Nani amefariki?"

"Jengo la Kumi na Mbili, Mheshimiwa. Ulitutangazia mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Bibi Gena wa ghorofa ya tatu, mkongwe kuliko sote, akainuka kwa mkongojo.

"Lyuben, mwanangu! Mimi nimo ndani ya huyo marehemu. Umekula ngano yangu nami napumua?"

Diwani mmoja akaitema kwenye leso. Mwingine akajipiga ishara ya msalaba akisema, "Jamani, mama yangu yuko ghorofa ya sita!" Watu wakaanza kucheka, wale waliovaa nyeusi wakicheka kuliko wote. Mwenyekiti akatazama kiganja chake chenye sukari, akatazama jukwaa la wananchi. Haki yake nampa: naye alicheka.

"Mama Vasilka," akasema, "maiti huyu anafufuliwaje?"

"Kwa kunyoosha mkono, Mheshimiwa. Uleule uliochotea ngano."

Wa kwanza kunyoosha alikuwa yeye. Pendekezo la kubomoa likaanguka, la kutengeneza likapita. Hakuna aliyethubutu tena kutaja kufukuza mtu. Leo jengo lile lina paa jipya, kuta zimevikwa zuia-baridi, limepakwa rangi ya manjano ya kuumiza macho. Bibi Gena yumo. Hulalamika kwamba joto limezidi, na Vasilka huenda kutazama.

Vasilka, wenzako wanakuandalia saa na shada la maua. Mimi nakupa sufuria. Imekwisha kuwa yako tangu siku ile, ingawa ngano isingeiva bila moto wangu, na hilo lisemwe wazi. Ipikie maharage, ipikie kabichi, wapikie wajukuu. Asante kwa kila dari ulilosimama chini yake. Uwe na afya, uzee wako uwe mrefu na mtamu.

Ila nasikia wakati wa vuli baraza litajadili kulibomoa Jengo la Saba. Ioshe sufuria vizuri, uiweke karibu na mlango. Moto ninao.