Leonidas Mughwai, Msikilizaji wa Mishono ya Chuma

"Baba Theodora, simu hiyo ukiipeleka, kazi umeiua kwa mkono wako mwenyewe. Wenye tangi wameridhika, nani amekuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza, Mama Theodora. Ndiyo maana lazima niseme mwenyewe."

Ndugu waombolezaji, hivyo ndivyo walivyokuwa wakibishana marehemu na mkewe, mama Yunisi, asubuhi ya Jumamosi tarehe 17 Aprili 1971, katika nyumba waliyopanga Mandewa, na familia imeona ianzie hapo kwa sababu anayetaka kumjua Leonidas Mughwai aijue kwanza siku hiyo.

Marehemu alizaliwa hapa Ulemo tarehe 14 Agosti 1938, akasoma shule ya misheni kuanzia 1946, akaendelea Kiomboi hadi 1954, kisha akajifunza uchomeleaji kwenye shule ya ufundi, akaajiriwa Dodoma mwaka 1959. Tarehe 26 Desemba 1960 alifunga ndoa na Yunisi katika kanisa la Kiomboi, wakajaliwa watoto watatu, Theodora mwaka 1961, Marko mwaka 1964 na Elina mwaka 1970.

Baada ya Uhuru nchi ilitafuta vijana wa kupeleka kusomea ufundi mpya, na mwaka 1965 marehemu akapelekwa Algeria, kwenye matangi makubwa ya gesi kando ya bahari, ambako gesi hupozwa kwa baridi inayopita ya barafu mara nyingi mpaka inakuwa maji. Katika baridi hiyo ufa mdogo usioonekana kwa macho unaweza kukimbia na kulipasua tangi zima kama kibuyu kikavu, kwa hiyo kila mshono, yaani pale vyuma vilipounganishwa kwa kuchomelewa, husikilizwa kwanza. Marehemu alipaka grisi kwenye chuma, akatembeza juu yake kidude kilichofungwa kwa waya kwenye mashine yenye kioo, nacho kikapeleka ndani sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliipati, na sauti ile ikigonga ufa inarudi kama mwangwi, mstari kwenye kioo unaruka. Sharti la kazi ni kusikiliza mshono kutoka kushoto na kutoka kulia, kwa maana ufa uliolala mshazari hujificha upande mmoja ukajitokeza upande wa pili.

Machi 1971, siku moja kabla ya likizo yake, alikuta jukwaa la kupandia mafundi upande wa kulia limeshabomolewa, naye akiwaza safari ya nyumbani akasikiliza kushoto peke yake, akatia sahihi kwamba mshono ni mzima. Alifika Mandewa, akala vizuri, akacheza na watoto, lakini wiki ya pili akawa hafikirii kingine ila ule upande wa kulia ambao hakuusikiliza. Tangi lilikuwa lijazwe mwisho wa Aprili, na chini yake walifanya kazi watu zaidi ya mia. Ndipo ubishi ule ukazuka, mama Yunisi akitetea ada na chakula cha watoto, wala hakukosea. Marehemu alivaa koti, akatembea hadi posta ya Singida, akapeleka Algeria simu ya maandishi ya kuifuta sahihi yake.

Kujaza kulisimamishwa, jukwaa likajengwa upya, ukapatikana ufa wa urefu wa nusu kidole, ukachimbwa na mshono ukachomelewa tena. Msimamizi alimshukuru kwa barua, na katika barua hiyo hiyo akamhamishia stoo, hata mkataba ulipokwisha Desemba 1972 haukuongezwa. Alirudi na sanduku moja, na mama Yunisi hakumwambia kamwe, si nilikwambia.

Mwaka 1974 familia ilihamia hapa kwenye kijiji cha ujamaa, na marehemu akaombwa kukagua tangi la maji lililochomelewa na ndugu Damiani. Mashine ile hakuwa nayo, hivyo alipaka chokaa nje ya mshono na mafuta ya taa kwa ndani, na palipotokea doa la mafuta kwenye chokaa akasema parudiwe. Ndugu Damiani alirudishwa mara tatu, watu wakiendelea kuchota maji mbali, na mara ya tatu akamwambia mbele ya mkutano, "Wewe uliyefukuzwa Uarabuni umekuja kutunyima maji," akaapa kwamba hatakanyaga kwake. Marehemu alimjibu, "Matusi nimeyapokea, ndugu yangu. Doa bado lipo." Tangi lilijazwa Novemba, na mpaka leo halijavuja.

Mwaka jana alianza kuumwa figo, na binti yake Theodora akaacha shule akiwa darasa la sita ili amuuguze. Alilazwa Kiomboi tarehe 20 Februari 1976, akafariki Jumanne tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kiomboi, majirani wa Mandewa na Ulemo waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliotuma rambirambi. Baba, umefanya kazi yako, sasa pumzika kwa amani ya Bwana.

Shukrani ya mwisho ni kwa mtu aliyefika jana alfajiri kabla ya wote, akasimama mlangoni kofia mkononi, hakuingia mpaka mama Yunisi alipotoka. Alikuwa ndugu Damiani, akasema, "Shemeji, mimi ndiye niliyerudishwa mara tatu. Nipe jembe nikamchimbie."