Mzee Mafundo Anaondoka Getini

Tarehe 30 Juni, saa nane mchana, zamu ya mwisho ya Mzee Mafundo itakwisha. Atakuwa ameitumikia hospitali yetu ya afya ya akili kwa miaka thelathini na mitatu, karibu yote akiwa mlinzi wa geti. Katika muda huo amechelewa kazini mara mbili tu, na mara zote mbili alijiandika mwenyewe kwenye daftari la wachelewaji, kwa herufi kubwa.

Mimi ni karani wa masjala. Dirisha langu linatazama geti, kwa hiyo mengi ya haya sikuhadithiwa.

Wafanyakazi wote wanajua jina lake lilikotoka, lakini leo, kwenye sherehe hii ya kumuaga, tuna wageni. Zipo familia zinazomleta mgonjwa wao akiwa amefungwa kamba. Si kwamba hawampendi. Wamechoka, wameogopa, na hakuna aliyewaonyesha njia nyingine. Mzee Mafundo hakuruhusu kamba ivuke geti, wala hakuruhusu ikatwe kwa kisu. Sharti lake lilikuwa kwamba aliyefunga ndiye afungue, kwa vidole vyake, muuguzi wa zamu akiwa amesimama karibu. Fundo lililokazwa kwa hasira halifunguki haraka. Nimeona wanaume wa miraba minne wamepiga magoti mbele ya wadogo zao, wanahangaika na fundo, na kabla halijalegea machozi yanawatoka. Baada ya hapo waliweza kusikiliza.

Hizo kamba hakuna aliyewahi kurudi kuzidai. Ndizo tunazoanikia mashuka nyuma ya wodi ya wanawake, na akina mama wa dobi wanasema hawajaona kamba imara kama zile.

Ndugu wakishatulia, aliwaketisha kwenye benchi kando ya kibanda chake na kuwapa maswali ya kwenda kumuuliza daktari. Ugonjwa huu unaitwaje? Dawa hizi zinafanya nini, na zinaweza kumsumbua vipi? Akipata nafuu, aendelee nazo hadi lini? Dalili zipi zikianza tumrudishe haraka? Aliyaandika kwenye kipande cha boksi. Asiyejua kusoma aliyakariri papo hapo, na hakuondoka benchini mpaka ayaseme yote manne.

Swali la tatu aliliongeza kwa sababu ya shangazi mmoja. Alikuja kliniki amejaa furaha, akafungua mkoba na kumwonyesha Mzee nusu ya vidonge vya mpwa wake. Mpwa alikuwa amepata nafuu, naye shangazi akaviweka akiba visiliwe bure. Mzee hakucheka. Alimpisha kwenye kiti chake, akamwita muuguzi, na shangazi akaelezwa kwamba nafuu ile ilikuwa kazi ya vidonge vile vile.

Si kila mtu alifurahi. Daktari mmoja mgeni alilalamika kwamba ndugu wa wagonjwa wanamhoji kama yuko kwenye usaili, na Mzee Mafundo akapewa barua ya onyo kwa kutoa maelezo ya kitabibu bila kuwa na sifa. Jibu lake ninalo kwenye faili, mistari miwili tu. Aliandika kwamba yeye hatoi jibu lolote, anatoa maswali, na majibu amewaachia wenye sifa. Onyo likafutwa. Mwaka uliofuata daktari yule yule ndiye aliyeagiza maswali manne yaandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa chumba cha kusubiria, na siku hizi wanafunzi wa uuguzi huanza mafunzo yao kwa asubuhi moja kwenye benchi la Mzee. Najivunia kufanya kazi mahali ambapo mlinzi aliwazoesha madaktari kuulizwa.

Siku za kutembelea wagonjwa alikuwa mkali zaidi. Ndugu aliyefika na kuanza na "umemeza dawa?" alirudishwa getini aanze upya. "Mtazame usoni, msalimie, muulize habari zake," alikuwa akisema. "Huyu ni ndugu yako. Ugonjwa utauulizia baadaye." Hata mkurugenzi aliyekuja kukagua wodi aliwahi kurudishwa, na akarudi kweli.

Mwezi uliopita nilimwomba anisimulie maisha yake kwa ajili ya wasifu huu, ndipo nikajua jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Mzee alifika kwenye geti hili kwa mara ya kwanza akiwa ndugu wa mgonjwa. Alikuwa amemfunga mdogo wake kwa kamba ya mizigo, akamleta juu ya gari la magunia. Mlinzi wa wakati huo aliikata kamba kwa kisu, mdogo akaingizwa ndani, na yeye akabaki nje ameshika vipande. Hakuna aliyemwambia ni ugonjwa gani, wala kama una matibabu. Alikaa nje ya ukuta siku tatu, mpaka mpishi aliyekuwa akitoka kazini akamwambia kwamba watu hupata nafuu humu na kurudi makwao. Akaomba kazi yoyote, akapewa ufagio, na baadaye geti.

Mdogo wake alitoka baada ya miezi minne. Leo ni fundi baiskeli, ana mke na watoto, na dawa zake anazijua kuliko mimi ninavyoijua masjala. Wametembeleana miaka yote hii, lakini siku ya kamba hawajaizungumza hata mara moja. Sasa Mzee anakwenda kuishi naye kwenye kiwanja kimoja, na aliniambia wazi kwamba hilo ndilo linalomnyima raha: hajui kama alishasamehewa.

Nilimpigia simu mdogo mtu, nikamwomba salamu za sherehe. Alicheka kwanza.

"Kila akija kwangu ananitazama mikono kwanza, pale kamba ilipokuwa," alisema. "Alama zilishafutika zamani. Mimi nilimsamehe nikiwa bado wodini, maana nilikuwa namwona huko nje kupitia dirishani. Siku tatu hakuondoka. Mwambieni kaka safari hii aanze na uso."

Mzee Mafundo, hatukukwambia mapema maneno haya ya mdogo wako. Unayasoma leo pamoja nasi. Asante kwa kila fundo na kwa kila aliyeinuka kwenye benchi lako akiwa na swali mkononi badala ya kamba. Sheria ni yako mwenyewe, na leo ni zamu yetu kukurudisha uanze upya. Nenda ukapumzike, ukaishi vizuri na wako. Ukifika kwa mdogo wako, mtazame usoni, msalimie, muulize habari zake.