Ami Talib Anastaafu na Namba Yake

Zulfikar, Daksha, nawaomba sana: karatasi hii msomeni nyinyi wawili tu, na neno lake moja lisitoke. Wasifu wa sherehe nimeshaupeleka, wa Kiingereza na wa adabu. Huu wa Kiswahili ndio niliotaka kuuandika, na mkataba wangu unaisha Desemba.

Bwana Talib Miraji anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2003, baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi yetu ya London. Kazi yake ilikuwa kukadiria, kinu cha nyuklia kikipata ajali kubwa, ni mara ngapi binadamu aliyeko chumba cha udhibiti atakosea. Mwenyewe hajawahi kukosea. Ametuambia.

Alianza kama msaidizi, akapanda hadi mwenyekiti wa jopo la makadirio. Kanuni inataka kila mjumbe aandike namba yake peke yake. Ami Talib aliona huo ni ubaridi wa Kizungu. Jopo lake lilianza kwa sambusa za Kingsbury Road, kisha yeye akataja namba, kisha akauliza, "Au nyinyi wanangu mnaonaje?" Mkaona vivyo hivyo, midomo imejaa. "Ami keshatia chumvi," Zulfikar ulikuwa ukininong'oneza, "sisi tunakoroga tu." Hivyo ndivyo alivyopata sifa ya jopo lisilopingana, na saa ya ukutani kutoka kwa wakurugenzi.

Fahari yake ya mwisho ni vali ya kutolea mvuke. Shinikizo likipanda, mwendeshaji aifungue upesi, la sivyo jengo la kinu linaweza kupasuka. Namba ya Ami: atashindwa mara moja katika elfu. Machi tulikwenda sote kutazama mazoezi katika chumba cha kuigizia ajali. Kijana wa zamu aliuona mshale wa kipimo ukipanda, akaweka mkono kwenye swichi, akamngoja mkuu wake amalize simu. Jengo, kwa mujibu wa kompyuta, likapasuka. Daksha ukasema polepole, "Ami, huyu hakufungua." Ami akapuliza chai yake. "Ameona haya tu, mwanangu, kwa sababu ya wageni." Namba ikabaki.

Kijana yule alijua, akanyamaza mbele ya mkubwa wake. Sisi tulijua, tukanyamaza mbele ya wetu. Wengine wangeyaita hayo ushahidi. Ami huyaita malezi.

Namba hiyo itaidhinishwa Jumatatu. Ikipita, mwongozo wa kinu hautabadilishwa, na kijana wa zamu ataendelea kungoja ruhusa. Wajumbe wawili wa jopo, kama nyinyi, wanaweza kudai makadirio yarudiwe. Mimi karani siwezi.

Tunamshukuru kwa sambusa. Mungu ampe afya na usingizi mzuri, mbali na vinu vyote.

Nipigieni nyumbani Wembley, Jumamosi baada ya alasiri. Mama akipokea atawauliza habari za watoto, mjibuni kwanza. Kila mmoja apige peke yake, anitajie namba yake. Msiniulize mwenzenu amesema ngapi.