Akili Mpya kwa Gari la Edna

Kijiwe cha Mashineni, hapa Ifakara, ni mabenchi mawili yaliyotazamana mbele ya mashine ya kukobolea mpunga, na katikati yake birika la kahawa la Fredy juu ya mkaa. Ukikaa hapo mpaka saa tatu asubuhi utapewa ushauri wa ndoa, wa kesi ya shamba na wa kupunguza kitambi, na hakuna mshauri hata mmoja aliyefanikiwa katika lolote kati ya hayo. Asubuhi hiyo Edna alikuja na tatizo la gari. Pikapu yake ya dizeli ilikuwa imeshindwa kuupanda mlima wa Mahenge mara mbili, ikiwa na mchele wa Serafina, na Serafina si mtu wa kurudia maneno: gunia kumi na mbili zifike kesho kabla hajafunga duka, au kazi anapewa Valentino, dereva mwingine. Deus, fundi wa Morogoro anayetembea na laptopu begani, alikuwa hapa mjini mpaka saa sita tu. Alikuwa amemtumia Edna ujumbe wa sauti achague moja kati ya mambo matatu, na Edna akafanya kosa la kuuchezesha mbele ya kijiwe.

— Mmesikia, alisema Edna. La kwanza, anachomeka laptopu chini ya usukani, anaandika upya programu ya injini. La pili, anafunga kiboksi cha kuidanganya kompyuta ya gari imwage dizeli zaidi. La tatu, kifaa cha pedali.

— Achana na pedali, alisema Joachim, ambaye kwa kuwa anatengeneza simu wanamwita Profesa Waya. Hiyo inafanya gari liitikie haraka tu, nguvu ni ile ile. Kama mtu anayesema "nakuja" na hajanyanyuka.

Edna akaitikia kwa kichwa. Hilo lilikuwa na maana, na kwenye kijiwe kile maana ilikuwa haidumu.

— Kiboksi je?

— Kiboksi ni uongo, na wahenga walisema mwenda pole hajikwai, alisema Ndaki, dereva wa lori la ng'ombe.

— Sasa hapo mwenda pole anaingiaje?

— Gari lako si linakwenda pole, mama? Na bado limejikwaa mara mbili. Kwa hiyo liongezwe mbio.

Kelestini, ambaye hujiita Injinia na anayetaka wengine nao wamwite hivyo, alisubiri wanyamaze. Ndiye fundi wa Edna.

— Andika upya programu, alisema. Kompyuta ya gari hili ilifundishwa Japani. Kule baridi. Inaamini hata leo iko kwenye baridi.

— Mzee Kelestini, sensa ya joto inafanya kazi gani? aliuliza Joachim.

— Sensa inaleta taarifa, kukubali ni hiari ya kompyuta. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kompyuta ndiyo mkuu, injini ndiyo guu.

— Mimi naona tatizo ni bonde, alisema Ndaki. Gari limezoea tambarare. Ifakara, Mchombe, Mngeta, mpunga kulia, mpunga kushoto. Ghafla unalionyesha mlima! Hata ng'ombe wangu wakiuona ule mlima wanarudi nyuma. Mwambie Deus alitafutie programu ya gari lililokulia Mbeya.

— Afadhali ya zile mashine za kuvunia, alisema Joachim, na Edna akajua kwamba wamempoteza na huyu. Zile zinavuta kwenye tope. Unakopi programu usiku zikiwa zimelala, unaibandika kwenye pikapu.

— Ikianza kuvuna njiani je? aliuliza Fredy.

Edna akatazama saa. Saa tatu na nusu. Alikuwa ameshaandika "Namba moja, njoo", na kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma, alipotokea Merina. Merina ndiye mtunzaji mpya wa ile mashine ya kukobolea, wiki yake ya pili. Mavumbi ya pumba yalikuwa mpaka kwenye kope.

— Shikamooni. Fredy, nipe kikombe. Dada Edna, ile pikapu ni yako? Asubuhi umeiwasha nikashtuka. Nilikaa na injini hiyo miaka minne kwa mzee Leodegar, inakoboa mpunga. Sauti yake naijua hata usingizini.

— Ndiyo yenyewe, alisema Edna. Mwaka niliomzaa mwanangu wa kwanza mafuriko yaliizamisha injini ya zamani, Mzee Kelestini akanifungia hiyo.

— Sawa. Mnataka Deus aandike kwenye kompyuta gani?

— Ipo, alisema Kelestini. Chini ya dashibodi. Niliiacha kwa mikono yangu.

— Imeunganishwa na nini? Injini ile ya kukobolea haina hata waya mmoja wa kompyuta.

Joachim akamtazama Ndaki. Ndaki akaitazama pikapu. Fredy akapuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

— Mzee, alisema Edna taratibu, uliniambia kompyuta itaizoea injini.

— Nilisema inaweza.

Edna alifuta ujumbe, akamwandikia Deus asije. Kisha akapiga simu Mahenge.

— Dada Serafina, mzigo kesho nauleta kwa safari mbili, sita sita. Ya kwanza naondoka saa kumi alfajiri. Gari halina kompyuta.

— Mchele wangu ulikuwa unapandishwa na kompyuta? aliuliza Serafina. Ziwe zimefika zote kabla sijafunga.

Simu ikakatika. Edna akanyanyuka, akakung'uta pumba kwenye sketi.

— Mzee Kelestini, kesho saa kumi uwe hapa.

— Mimi? Kufanya nini?

— Likigoma nataka mtu wa kusukuma. Tunapakia gunia sita na injinia mmoja.